Hereni Imeachia Kwenye Kifodi

MAMA NAI: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo sikio langu la kushoto liko tupu, na sonara wetu, Fundi, hajaacha kuliangalia tangu nimeingia.

FUNDI: Naliangalia kwa uchungu. Shikamoo kwanza, Mama Nai.

MAMA NAI: Marahaba, mwanangu. Basi Alhamisi nashuka daladala hizi zetu za Arusha, kifodi cha Kwa Mrombo, pale Kilombero. Mnaujua ule mlango, mmoja anashuka watatu wanapanda. Hereni yangu ya ringi, zile za shaba ya njano, ikanasa kwenye sweta la binti mmoja. Nikasikia "ta!", imeachia. Konda akazuia watu, tukainua miguu wote, wapi! Halafu bibi mmoja wa kiti cha nyuma ananiambia, "Mwanangu, chomeka njiti ya ufagio, tundu lisizibe."

FUNDI: (anacheka) Njiti ya ufagio!

MAMA NAI: Tena kwa huruma kabisa. Sasa ya pili hii hapa, nimekuletea.

FUNDI: Lete. Eeh. Wasikilizaji, hii pini inayopita sikioni imemiminwa pamoja na ringi yenyewe, kwenye kalibu moja. Naibonyeza kwa dole gumba... inapinda. Na haijirudishi. Shaba ikitoka kwenye kalibu inakuwa laini. Mwili wa ringi mnene, utavumilia, ila pini haina unene wa kujitetea. Na kitu chembamba ukikimimina, mara nyingi kinabaki na vitundu vya hewa ndani. Pini ilitakiwa iwe waya uliovutwa, milimita 0.8 au 0.9, ndipo uulehemu kwenye ringi.

MAMA NAI: Waya wa nini? Maana shaba mimi inaniachia ukijani, na ninawashwa.

FUNDI: Wa fedha. Ile ya 925, maana yake katika sehemu 1,000, sehemu 925 ni fedha tupu na iliyobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu kidogo. Ringi ibaki ya njano, kinachogusa kidonda cha sikio kiwe fedha. Lehemu ya fedha laini inayeyuka karibu na nyuzi joto 700 za Selsiasi, ringi yako bado iko salama. Tatizo liko hapa, na linawaumiza vijana wengi wa kazi hii: moto wa kulehemu unaulainisha waya upya. Umenunua waya mgumu, unamaliza kulehemu umeshika tambi.

MAMA NAI: Kwa hiyo?

FUNDI: Ukishaipoza na kuisafisha, bana ncha ya pini kwa koleo, izungushe nusu mzunguko, halafu nusu nyingine. Mkono utasikia inaanza kukataa. Hapo imekaza. Na kama lehemu haikushika, itang'oka palepale mezani, kabla mteja hajaiona.

MAMA NAI: Ngoja, hiyo milimita 0.9. Njiti ya bibi yule ni milimita ngapi?

FUNDI: Ya chelewa? Hiyo inapita milimita 1, bila ubishi.

MAMA NAI: Basi masikio yetu yamezoea! Sisi Ngaramtoni tulitobolewa kwa sindano, unapitishiwa uzi mweusi wenye fundo. Uzi ukikatika, njiti.

FUNDI: Kwetu Kibosho uzi haukuwepo. Njiti moja kwa moja. Dada zangu walikaa nazo mpaka Pasaka, hereni ni za sikukuu.

MAMA NAI: Bila uzi? Kidonda kibichi unakitia njiti? Aa, Wachaga hapo hapana.

FUNDI: Walizipaka mafuta! Na hazikudondoka hata siku moja. Njiti inakaa kwa sababu imejaza tundu.

MAMA NAI: Njiti ilikuwa inavunjika ukilalia upande, asubuhi unaokota nusu kwenye shuka. Na unajua, bibi yangu mzaa baba alikuwa na masikio ya kuvutwa, ya kimaasai. Mapambo yake ni ngozi na shanga, yananing'inia tu, hakuna cha kufunga. Yakinasa yanateleza yanatoka. Sikumwona hata siku moja akishika sikio kwa maumivu.

FUNDI: Naona unakokwenda.

MAMA NAI: Ndiyo, naenda huko! Alhamisi ile kifungo kingekaza unavyotaka wewe, sweta lingeondoka na ndewe yangu. Ndewe ikichanika ni hospitali, ni nyuzi. Hereni nitanunua nyingine.

FUNDI: Kifungo kinachofunguka chenyewe hakijawa kifungo, mama. Mtu amehangaika na nta, na kalibu, na msasa siku nzima, halafu kazi yake ipotelee chini ya viti? Pini iingie kwenye mkato uliochongwa kwenye ringi, wenye kina, usikie "ka!", basi.

MAMA NAI: Mkato uwe na kina kifupi. Ukivutwa kwa nguvu, uachie. Mimi nabeba mjukuu, vidole vyake viko masikioni mwangu kutwa.

FUNDI: Mkato mfupi unalika. Kila ukifungua na kufunga, pini inausugua. Baada ya miezi hata upepo utaifungua. Mwenye mtoto avae ringi ndogo, iliyobana ndewe. Haina pa kunasia.

MAMA NAI: Wateja wanataka kubwa, wewe unajua.

FUNDI: Basi kubwa, na mkato mrefu.

MAMA NAI: Na sikio je?

FUNDI: Na hereni je?

MAMA NAI: Sikubali.

FUNDI: Wala mimi.

MAMA NAI: Haya, mwenye studio anatuonyesha saa. Na karatasi yako nzima ya mafunzo hatujaifungua.

FUNDI: Bawaba hatujaigusa! Vile vijibomba vitatu, viwili kwenye ringi, kimoja kwenye pini... Na wanaoyeyusha koki za maji za zamani, za shaba ya njano, mkiona moshi mweupe hiyo ni zinki, fanyieni kazi nje, msiuvute.

MAMA NAI: Na yule msikilizaji wa Mirerani aliyeuliza kuhusu kulehemu hereni yenye tanzanaiti?

FUNDI: Atoe jiwe kwanza. Tanzanaiti ikipigwa na moto wa ghafla inapasuka. Alehemu, akaze pini, achonge mkato, jiwe lirudi mwisho.

MAMA NAI: Mkato mfupi.

FUNDI: Mrefu, Mama Nai!

MAMA NAI: Tuandikieni mnavyoona. Kwaherini.