Nyenze anayewakwepa wazee

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi. Leo naongelea nyenze, wengine mnamwita nyenje, yule mdudu ambaye ukipita msitu wa Pugu mchana jua kali unadhani kuna fundi anachomelea mageti juu ya mti. Ila huyu wa leo ni wa Uingereza, jina la kitaalamu Cicadetta montana, ndo nyenze pekee wa asili kule, na mwishoni alibaki kwenye msitu mmoja tu wa kusini, New Forest, yaani Msitu Mpya, upya wenyewe mfalme William aliutenga awe anawinda humo mwaka 1079.

Tunutu wake, yaani mtoto ambaye hajaota mabawa, anakaa chini ya udongo miaka mingi, 6 na kuendelea, ananyonya maji ya mizizi tu, siku akitoka anapanda kijiti, mgongo unapasuka, anachomoka na mabawa, na hapo kabakiza wiki chache za kuishi. Nimekuja na gamba moja, hili la Pugu, pokezaneni taratibu linavunjika. Chungulieni pale kwenye mpasuko, kuna vinyuzi vyeupe, watu wanadhani utando wa buibui, kumbe ni ngozi ya ndani ya mirija yake ya kupumulia, nayo anaivua! Hebu fikiria unavua shati, koromeo linatoka nalo.

Anayeimba ni dume. Ubavuni ana kitu kama kizibo cha soda kilichobonyea, ukikiminya tak, ukikiachia tak, msuli unafanya hivyo mara nyingi sana kwa sekunde, na tumbo liko tupu kama ngoma.

Sasa kasheshe ya huyu wa New Forest ni sauti, iko juu mno, yaani nyembamba, mitetemo kama 14,000 kwa sekunde, na masikio yetu umri ukienda sauti za juu ndo zinatangulia kuaga. Kwa hiyo mtaalamu wa miaka 60 anasimama chini ya mti, mdudu analia juu yake, yeye anaandika kwenye daftari hakuna kitu. Zaidi ya miaka 20 hajathibitishwa kuwepo msituni kule Uingereza, japo Ulaya bara yupo. Watu wa Chuo Kikuu cha Southampton wakatengeneza programu, anayetembea msituni anaacha simu imsikilizie, maana simu haizeeki masikio. Wapi! Hawakumpata. Ila mi nikisikia mdudu fulani katoweka siku hizi nauliza kwanza, aliyeenda kusikiliza ana miaka mingapi?

Haya tujaribu. Nimeweka sauti ya juu hivyohivyo kwenye spika, anayesikia anyooshe mkono. Mnaona, watoto wa mbele wote, na mzee wangu pale nyuma ananiangalia kama namtania. Sikutanii mzee, hata mi naona tu kwenye skrini kwamba inacheza. Basi nimezima, leteni maswali... Eeh dogo, mbona bado umeziba masikio?

Bado inalia?