Tope la Ikowa na Fedha za Kulichunguza
Mhadhara kwa wanafunzi wa jiolojia, Dodoma

Wahadhiri wenzangu, wanafunzi, karibuni. Mlioko nyuma sogeeni mbele, viti vipo, nami koo langu leo si la kutegemea.

Nimeombwa nizungumzie ruzuku na makongamano kwa wanaosoma mashapo, yaani tope, mchanga na changarawe zinazobebwa na maji au upepo na kutuama. Ningeweza kuwasomea orodha, mkainakili, na wiki ijayo hakuna hata mmoja angekuwa ameomba chochote. Kwa hiyo nitaanza na bwawa.

Wilayani Chamwino, mashariki ya mji huu, kuna bwawa la Ikowa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mswidi mmoja, Anders Rapp, na wenzake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianza kupima tope linaloingia kwenye mabwawa manne ya Dodoma: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Mwenzao Carl Christiansson akaiendeleza kazi hiyo na kutoa kitabu mwaka 1981. Maana yake ni kwamba unavyo vipimo vya nusu karne iliyopita, vya mahali unapofika asubuhi na kurudi jioni. Nchi nyingi za ukame hazina kitu kama hicho. Sisi tunacho, na tunapita juu yake tukiwa kwenye basi la kwenda Dar.

Sasa njoo kwenye fedha. Chama cha Kimataifa cha Wanasedimentolojia, IAS, kilianzishwa mwaka 1952. Kina ruzuku za wanafunzi wa uzamivu, nazo kwa miaka mingi zimekuwa za takribani yuro 1,000, zikitolewa mara mbili kwa mwaka. Tarehe za mwisho zilizozoeleka ni Machi 31 na Septemba 30, lakini fungua masharti ya mwaka husika kabla hujaandika neno. Sharti uwe mwanachama, na msimamizi wako aandike barua ya kukuunga mkono. Hapo kwenye barua ndipo wengi wanakwama, kwa sababu wanamfuata profesa siku mbili kabla ya muda kuisha. Profesa naye ni mtu, ana mitihani ya kusahihisha.

Yuro 1,000 si nyingi. Haitakuchimbia kisima. Lakini italipa pikipiki, mtumbwi, vijana wawili wa kukusaidia kushika kamba, na sampuli chache maabara. Ndiyo maana anayesoma andiko lako la kuomba fedha anataka swali linalolingana na fedha hiyo. Nimepitia maandiko yenye vichwa kama "athari za tabianchi kwa mashapo ya Afrika Mashariki", bajeti yuro 1,000. Msomaji anacheka, anaweka pembeni. Ukimwandikia hivi: mwaka 1972 walisema Matumbulu linajaa kwa kasi fulani, nami nataka kujua kama kasi hiyo imepungua au imeongezeka, nitapima kina cha maji na kuchukua sampuli za tope sehemu hizi kwenye ramani, basi anaona kazi itakayokwisha. Halafu bajeti iwe ya kweli. Ukiandika mafuta ya gari la chuo na gari lenyewe halitembei, itajulikana tu.

Tazama pia majira. Mvua zetu ni Desemba hadi Aprili. Anayetaka kuchimba kwenye kitako cha bwawa kilichokauka anahitaji Septemba au Oktoba, kwa hiyo aombe Machi. Anayetaka kukamata maji yakiwa mekundu kwenye korongo aombe Septemba ya mwaka uliotangulia. Wenzenu wa nje hawalijui hili. Ninyi mnalijua tangu utoto, na kwenye andiko linaonekana kama utaalamu, kwa sababu ni utaalamu.

Wa uzamili msinung'unike. Wakfu wa AAPG, chama cha wanajiolojia wa mafuta chenye makao Marekani, una ruzuku zinazowapa kipaumbele ninyi hasa. Kwa huko, bonde la Eyasi Wembere, ambako TPDC, shirika letu la mafuta la taifa, inatafuta mafuta, litaeleweka haraka kuliko bwawa la Ikowa. SEPM nayo, jumuiya ya wanasayansi wa mashapo iliyoanzishwa mwaka 1926, inasaidia wanafunzi.

Kuna dirisha jingine ambalo halitajwi sana, nami naliona bora kuliko yote. IAS imekuwa na ruzuku ya taasisi kwa idara za jiolojia za nchi maskini zaidi kwa orodha ya Umoja wa Mataifa, na Tanzania imo. Kikomo chake kimekuwa yuro 10,000, za kununulia vifaa vya kudumu: machekeche, keekee za mkono za kuchimbia udongo, vipimo vya chokaa. Hiyo si ya mwanafunzi mmoja, ni ya idara. Wakuu wa idara mliomo humu, nawatazama.

Makongamano nitayapitia haraka. Kongamano la dunia la IAS huwa kila miaka minne. La mwaka 2022 lilikuwa la Beijing. Mkutano wa EGU, jumuiya ya Ulaya ya sayansi za ardhi, huwa Vienna kila mwaka, Aprili au Mei, na maombi ya msaada wa safari hufungwa mapema kuliko ikisiri za kawaida, hivyo ukisubiri Januari umeshachelewa. Karibu zaidi ni Kongamano la Jiolojia ya Afrika, ambalo mwaka 2014 lilifanyika Dar es Salaam. Kwa mtu anayeanza ningesema nenda hilo kwanza, ubandike bango lako mbele ya watu wanaoyajua makorongo.

Mwanafunzi mmoja ameuliza kama lazima iwe mabwawa. Hapana. Nenda Kondoa. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Mashapo ya Haubi, huko huko Kondoa, yameonyesha kwamba mmomonyoko ule ulianza karne nyingi kabla ya ukoloni, na hapo maswali bado yamejaa.

Mwingine anauliza kuhusu kupeleka sampuli nje. Usizitie kwenye begi la nguo. Tume ya Madini iko hapa hapa Dodoma, kaulize kibali kabla hujachimba. Kabla ya hapo pita GST, taasisi ya serikali ya jiolojia iliyoanza mwaka 1925, nao wako hapa Dodoma, kwa sababu ramani unayotaka kuombea fedha huenda imo kwenye makabati yao, na kuinunua ni gharama ya kuingiza kwenye bajeti.

Tuchukue maswali mengine mawili, halafu tuwaachie ukumbi wenzetu wa uhandisi.