Kichwa pishi: manna, bisi na mtoto aliyeficha mfukoni

CHARO: Bwana asifiwe, wasikilizaji wetu. Na jirani zetu wa msikitini mnaotusikiliza kimyakimya, tunawajua, asalaam aleikum. Hapa ni Malindi, Jumatatu jioni. Mkisikia kuku humu ndani, si wetu, ni wa jirani, na tumeshamwomba mara mbili awafungie.

KADZO: Amina. Hamjambo nyote. Kuku hao wana uhuru kuliko sisi.

CHARO: Leo mwenzangu amekuja na kikombe cha bati, amekiweka hapo mezani kama ushahidi mahakamani. Mwalimu, hebu tueleze.

KADZO: Hiki ni kibaba, Baba Neema. Cha marehemu bibi yangu, alikuwa akipimia mtama. Jana nimefundishia watoto wa shule ya Jumapili, na nikatoka pale nimefundishwa mimi. Lakini nianze nyuma kidogo.

CHARO: Anza.

KADZO: Mwezi uliopita tuliwatembeza watoto, ishirini na watatu, mpaka kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Tukapitia na lile kanisa dogo la Wareno la makuti, nikawaeleza kwamba Fransisko Xavier alipita hapa Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Wakasikiliza vizuri, wananyamaza, hata nikashangaa. Basi tunatoka pale, mama mmoja mtalii akafungua mkoba, akatoa pakiti ya peremende.

CHARO: Eeh. Hapo historia imekwisha.

KADZO: Imekwisha kabisa! “Ciao, ciao!” Wakamvamia. Wakubwa wakachota kwa viganja viwili, wadogo wakasukumwa, mmoja kang'oka kifungo cha shati la Jumapili. Yule mama mwenyewe aliogopa. Na mimi mwalimu wao nimesimama pale na Biblia kwapani.

CHARO: Hiyo “ciao” tumeilea wenyewe, tusiwalaumu watoto. Tangu Waitaliano waje kurusha setilaiti kule Ngomeni miaka ya sitini, halafu wakafuatwa na mahoteli na majumba, mtoto wa hapa huzaliwa akijua maneno mawili ya Kitaliano, na yote mawili ni ya kuomba.

KADZO: Nikarudi nyumbani nimeudhika. Nikasema Jumapili ijayo nitawapa Amri ya Kumi, usitamani, wataniona. Nikakaa usiku nikaona, hapana. Ukimwambia mtoto “usitamani”, umemwonyesha cha kutamani. Nikafungua Kutoka 16.

CHARO: Manna, kile chakula Waisraeli walichoshushiwa jangwani.

KADZO: Manna. Na unajua kilichonivuta? Ile Biblia yetu ya Muungano, ya mwaka 1952, imeandika kipimo cha manna kwa maneno yetu sisi. “Kichwa pishi.” Kila mtu pishi moja. Nikawauliza watoto, pishi ni nini? Hakuna anayejua. Wanajua gorogoro.

CHARO: Ile kopo la kilo mbili, naam. Pishi si vibaba vinne?

KADZO: Vinne. Viwili ni kisaga. Basi nikapika bisi, sufuria kubwa ile ya harusi, nikatandika mkeka na shuka juu, nikamwaga. Nikawaambia huko ni jangwani, mmetoka Misri, mna njaa, mmeamka asubuhi mmekuta hiki kitu chini. Mtasemaje? Wakasema “Bisi!” Nikasema hapana, nyinyi hamjawahi kuona bisi. Waisraeli walisema “Nini hiki?”, ndiyo ikaitwa manna. Haya, okoteni.

CHARO: Wakaokota kama kule kwenye nguzo?

KADZO: Vilevile! Kijana mmoja kakunja fulana yake ikawa kapu. Kabinti ka miaka minne kana punje saba, kanazihesabu. Nikawaacha. Halafu nikatoa kibaba. Nikasema, sasa leteni tupime. Kila mmoja akimwaga, nampimia kibaba chake kimoja kikajaa, kinachozidi narudisha kwenye mkeka, kinachopungua naongeza kutoka mkekani. Yule wa fulana akabaki na kibaba kimoja. Kabinti kakabaki na kibaba kimoja. Kimya, Baba Neema. Kimya ambacho sijawahi kukipata kwa fimbo.

CHARO: Aliyekusanya vingi hakubakiwa.

KADZO: Na aliyekusanya kidogo hakupungukiwa. Paulo ameurudia msitari huohuo, Wakorintho wa pili sura ya nane, alipokuwa akichangisha wenye nacho wawasaidie watakatifu waliopungukiwa. Hakuuhubiri kwa maskini. Aliwahubiria waliokuwa na ziada.

CHARO: Ngoja hapohapo, maana hapo ndipo napopata tabu na masomo haya ya kuridhika. Mimi nimekulia Ganze. Najua mwaka ambao mvua imekataa. Mtoto amekuja kanisani hajanywa hata uji, unasimama mbele yake unamwambia aridhike na alicho nacho. Ana nini? Mimi naona hiyo ni kumfunga mdomo mwenye njaa kwa jina la Yesu.

KADZO: Na ni kweli wako wanaoifanya hivyo. Lakini soma mpangilio wa ile sura. Watu walilalamika njaa. Mungu hakuwaambia waridhike na njaa. Aliwalisha kwanza, kware jioni, manna asubuhi, ndipo akawawekea kipimo. Mtoto mwenye njaa mpe uji. Somo lisubiri uji ushuke.

CHARO: Hilo nalipokea.

KADZO: Kuna na yule Agur wa Mithali 30. Hakuomba umaskini. Ameomba asipewe umaskini wala utajiri, alishwe kadiri yake, maana akishiba sana atamkana Mungu, na akikosa sana ataiba. Huyo alikuwa anajua njaa inavyofanya mtu. Na Bwana mwenyewe katufundisha kuomba “Utupe leo riziki yetu.” Riziki, na ya leo.

CHARO: Riziki ya leo watu wa hapa tunaielewa kuliko wengi. Mvuvi wakati wa kusi anaamka anaitazama bahari, inamkatalia. Mhudumu wa hoteli, mvua za masika zikianza hoteli inafunga, anarudi nyumbani hadi wageni warudi. Hakuna ghala hapo. Lakini sasa, kuweka akiba ni dhambi? Maana manna iliyolazwa iliingia mabuu.

KADZO: Siku ya sita waliambiwa waokote maradufu kwa ajili ya Sabato, na hiyo haikuoza. Akiba ya kumuachia mtu apumzike imo humohumo. Kilichooza ni cha yule aliyeamini kesho Mungu hatakuwepo. Sasa hapo kwenye mabuu ndipo mimi nilipoumbuliwa.

CHARO: Haya.

KADZO: Nimewaambia, kuleni vyote, asibakishe mtu. Wanakula. Nikamwona kijana mmoja, wa miaka tisa hivi, anatia mfukoni. Kidogo kidogo, akidhani simwoni. Nikasema, aa, nimempata mfano hai! Nikamsimamisha. Nikamwambia, wewe ndiye yule Mwisraeli wa mabuu, toa mfukoni tuone.

CHARO: Mbele ya wenzake.

KADZO: Mbele ya wenzake, na ninajuta. Akatoa. Hakulia. Akasema, “Mwalimu, hii ni ya dada yangu. Ana homa, yuko nyumbani.”

CHARO: Lo.

KADZO: Nikabaki na kibaba mkononi. Halafu nikaona nisome tena, labda Biblia itanisaidia kujitetea. Ndipo nikaona nilichokiruka. Kichwa pishi, kwa hesabu ya watu wenu, kila mtu atwae kwa ajili ya hao walio hemani mwake. Hemani mwake! Mtoto yule aliishika aya nzima, mimi nilishika nusu. Alikuwa na haki ya vibaba viwili.

CHARO: Ulimwambia?

KADZO: Nikamwambia pale pale, mbele ya wale wale, kwamba mwalimu amekosea na yeye yuko sawa. Nikampimia cha dada yake kikajaa, nikafunga kwenye karatasi. Basi watoto wote wakaanza kuwa na wagonjwa nyumbani!

CHARO: (anacheka) Malindi nzima ina homa!

KADZO: Mmoja ana nyanya watatu. Sufuria ikaisha. Lakini nawaambia wazazi wanaotusikiliza, msianze na “acha tamaa”. Anza na hesabu. Nyumbani mko wangapi? Maandazi mangapi? Mtoto aliyezoea kugawa maandazi ya asubuhi anajua kutosha ni nini, kwa sababu huko kutosha amekuona kwa macho, hata neno lenyewe kama hajalijua.

CHARO: Sasa na mimi niungame, maana nikinyamaza Neema atanisema siku moja akiwa mkubwa. Neema ana miaka saba. Anataka vile viatu vya taa, vya kuwaka kisiginoni ukikanyaga.

KADZO: Navijua. Kanisani wakati wa maombi vinawaka kama bodaboda.

CHARO: Nikamwambia hatuna pesa. Akanyamaza. Alhamisi nikaingia nyumbani na simu mpya, ya kulipa kidogo kidogo kila siku. Akaitazama, akaniuliza, “Baba, ile ya zamani imeharibika?” Mwalimu, haikuharibika.

KADZO: Ulimjibu nini?

CHARO: Nikamwambia aende akamwangalie mamake jikoni.

KADZO: (anacheka) Kimbilio la wanaume. Lakini ona, kosa halikuwa kumnyima viatu. Ulimwambia hatuna, na tunazo, kwa hiyo amejifunza kwamba “hatuna” maana yake ni “wewe huna”. Ungemwambia, mwanangu, viatu unavyo, na hivyo vya taa hatutanunua. Angelia siku moja.

CHARO: Angelia siku tatu, humjui. Na Waisraeli walilia zaidi. Wanakumbuka masufuria ya nyama ya Misri, walivyokuwa wakila hadi kushiba. Matofali ya utumwani hawayakumbuki.

KADZO: Hapo umesema. Tamaa ina kumbukumbu ya upande mmoja. “Kwa kina fulani kuna televisheni kubwa.” Mtoto hajaona kwamba baba fulani hulala Mombasa siku sita kwa wiki. Mimi huwauliza watoto, na huko kwao kuna nini ambacho hukitaki? Wanafikiri weee, halafu majibu yanakuja, mengine mazito, siwezi kuyasema hewani.

CHARO: Ila Paulo ananipa moyo. Wafilipi 4, “nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo.” Amejifunza. Mtu mzima, mtume, yuko kifungoni, bado anasema alijifunza. Sasa Neema wa miaka saba nimdai alijue kwa juma moja? Na mimi je?

KADZO: Na barua yenyewe anashukuru zawadi waliyomtumia kwa mkono wa Epafrodito. Hakukataa zawadi.

CHARO: Zawadi. Hapo kuna ujumbe wa sauti wa mama mmoja wa upande wa Mambrui, amesema tusimtaje. Ana watoto watatu, wa katikati ana mfadhili Ulaya. Krismasi mfadhili ameleta baiskeli. Ya yule mmoja tu. Ugomvi umewaka nyumbani. Anauliza afanye nini, auze?

KADZO: Asiuze. Mfadhili hajui hesabu ya hema, tusimlaumu. Nilimpigia huyu mama jana jioni. Nilikuwa nimejiandaa kumpa Kutoka 16 yote, kumbe ameshatatua. Ameketi na huyo wa katikati peke yake, amemwambia baiskeli ni yako, hakuna atakayekunyang'anya, sasa wewe mwenyewe panga wenzako watapanda lini. Hakumlazimisha.

CHARO: Akapanga?

KADZO: Siku mbili alipanda peke yake mpaka akachoka. Baiskeli haina raha bila mtu wa kukusukuma kwenye mchanga. Ya tatu akamwita mdogo wake. Sasa wana zamu, mkubwa anaichukua kupeleka maji.

CHARO: Kwa hiyo amani imerudi.

KADZO: Wapi! Sasa wanagombania kengele. Nani aipige.

CHARO: (anacheka) Wasikilizaji, kuku wameingia, mmoja yuko juu ya ule mkeka wa jana, anaokota bisi za Mwalimu zilizosalia. Tukutane Jumatatu ijayo.

KADZO: Mwache ale. Hajapimiwa.