"Dada, hiyo inakulipa shilingi ngapi?" Nawajibu leo, yaishe

Jamani habari za huko. Leo sina maneno mengi ya kuanzia, nimetoka shifti ya usiku. Kila nikitupia video ya wanawake watunzi wa muziki komenti ni ileile, dada hiyo inakulipa shilingi ngapi, si bora utuambie mambo ya viza. Hainilipi. Mimi ndo nailipia. Na kabla hujaandika "anajishaua" au "kaenda Marekani kulialia", nisikilize kwanza.

Florence Price, mtunzi wa muziki, mnamjua, wa siku nyingi humu nimewachosha naye, simfonia yake, yaani utungo mrefu wa okestra nzima, kupigwa na okestra kubwa ya Chicago Juni 1933, mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kufika hapo. Akafariki 1953. Sasa 2009 watu wananunua nyumba mbovu St. Anne, kusini mwa hapa Chicago, mti umeangukia paa, wanaingia kukarabati, upande ambao haujalowa wanakuta rundo la makaratasi, nota zake za mkono, humo kuna konseto mbili za fidla, yaani tungo ambazo fidla inaongoza na okestra inaisindikiza, na simfonia ya nne. Mvua ingeingilia upande ule mkavu basi, habari imeisha.

Haya, hela. Kuna maktaba niliomba skani ya kurasa chache tu, fomu ya kwanza, fomu ya pili, mara wanataka barua ya chuo, mi mbeba boksi barua ya chuo naitoa wapi? Halafu nota zina hakimiliki yake na rekodi ina hakimiliki yake, umemalizana na huyu yule anakuzuia, video yangu ikafungiwa kwa kipande cha sekunde tu cha muziki na hela ya matangazo ikaenda kwao.

Na nyie wa "mbona huwaongelei wa kwetu". Siti binti Saad alirekodi Bombay 1928, akampata Shaaban Robert wa kumwandikia wasifu. Wengine wangapi walimpata Shaaban Robert wao? Shangazi yangu Tanga alikuwa anatunga taarabu kwenye madaftari ya shule, kikundi kikaimba, kwenye kava la kanda likaandikwa jina la mpiga kinanda. Alipouliza akajibiwa wewe si ulitoa maneno tu. Maneno tu! Na sauti nani aliwafundisha, si yeye, uani kwake, anapiga meza? Mpaka leo linaniuma hilo, kwa hiyo ukisema natafuta kiki unanionea. Price mwenyewe 1943 anamwandikia Koussevitzky, kiongozi wa okestra, barua anaifungua kwa kusema ana vikwazo viwili, jinsia na rangi.

Simshauri mtu aache kazi afanye hivi, kila mtu na hali yake, mi sina mtoto na bado kodi inanitoa jasho. Ila kama bibi yako ana daftari la nyimbo, piga picha kila ukurasa kwa simu, mwulize katunga mwaka gani na nani aliimba, umrekodi akijibu. Na orijino usimpe mtu, hata mimi nikikuomba.