Chungwa Halisubiri

Asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na ambao hamjaitikia popote, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie mwanga katika picha za vinywaji. Nitasema nililolisema mwaka jana na mwaka juzi, maana bado mnaniletea picha zilezile: kinachogandisha tone pichani si shata, yaani yale mapazia mawili ya kamera yanayofungua na kufunga. Ni flashi.

Kisa cha machungwa wengine mmeshakisikia, mtanivumilia. Mama mmoja muuza juisi hapa Ngamiani alitaka picha ya bango: chungwa linatumbukia kwenye bakuli la kioo, juisi inaruka. Nikanunua tenga zima la machungwa ya Muheza, nikawasha taa za sebuleni, nikafungua na madirisha, flashi nikaiweka nguvu zote. Natumbukiza, napiga. Naokota, napangusa meza, natumbukiza tena. Asubuhi mpaka adhuhuri! Yule mama akaja, akachungulia kwenye kamera, akaniuliza kwa upole: "Baba, hii juisi au uji?"

Nikaazimia kukopa ninunue kamera kali zaidi. Kilichoniokoa ni betri. Flashi ilianza kukawia kujaa, nikaishusha hadi 1/32 ya nguvu zake ili nisiingojee, wala sikuwa na nia nyingine. Umeme nao ukakatika, na madirisha nilishayafunga, upepo ulikuwa unaniangushia karatasi ya nyuma. Picha ikatoka giza. Lakini ndani ya lile giza, matone yametulia kama shanga, unayahesabu moja moja.

Sikilizeni hapa. Hizi flashi ndogo ukizishusha nguvu haziwaki kwa unyonge, zinawaka kwa muda mfupi zaidi. Kwa nguvu zote, mwako unaweza kuchukua 1/1000 ya sekunde, hata zaidi. Kwa 1/32, nyingi hukaribia 1/20,000. Chungwa lililoanguka sentimita 30 linaigonga juisi kwa mwendo wa kama mita 2.4 kwa sekunde. Katika 1/200 ya sekunde, shata ikiwa wazi na taa zimewaka, limeshakwenda milimita 12. Katika 1/20,000, mwako wa flashi peke yake gizani, milimita 0.12. Uji utoke wapi?

Kuna mtu ananong'ona kuwa shata ya kamera yake inafika 1/8000 ya sekunde. Hongera. Jua la kuitosha hiyo utalipata wapi sebuleni? Na ukiweka flashi, kamera nyingi zinaikomesha shata 1/200 au 1/250. Ukipita hapo, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, unapata picha yenye ukanda mweusi. Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, ile picha yake ya 1957 ya tone la maziwa linaloruka kama taji, aliipata kwa mwako wa flashi. Kabla yake Mwingereza Worthington alikaa gizani na cheche za umeme. Nyinyi mnaogopa kuzima taa!

Picha ikiwa giza, msipandishe nguvu. Sogezeni flashi: umbali ukipungua nusu, mwanga unaongezeka mara nne.

Naona mwenye ukumbi anatazama saa. Haraka basi: fokasi iwekeni kwa mkono, simamisheni kalamu pale chungwa litakapoangukia. Lenzi mbali na bakuli, juisi inanata. Taa kubwa za studio, baadhi yake hufanya kinyume cha haya niliyosema, hizo zina siku yake. Ya maziwa nilikuwa na ukurasa mzima, basi.

Bakuli lile pale, na machungwa yamebaki sita. Kijana wa mlangoni, zima taa.