Roboti ya Sinema kwa Mabamba ya Plastiki: Kazi ya Vipimo na Tabaka

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kuja. Nimeombwa nieleze namna mtu anavyoweza kujenga nyumbani roboti ya sinema yenye ukubwa ule ule wa ile iliyosimama mbele ya kamera. Nitazungumzia roboti moja tu, R2-D2 wa sinema za Star Wars, na malighafi moja kuu, bamba la plastiki. Nimeichagua kwa makusudi. Mwili wake mfupi, karibu mita 1.1 kwenda juu, una kila umbo linalomsumbua fundi: mcheduara, kuba, masanduku yenye pembe za mshazari, na vijilango vilivyotapakaa kila upande.

Wengi hudhani kazi hii inahitaji karakana yenye mashine za kukereza chuma. Mimi nasema inahitaji rula ya chuma, kisu kikali, kalipa ya kupimia unene, bikari na mtu asiyechoka kupima. Usahihi wa roboti hii unatokana na namna unavyopanga tabaka za plastiki, na tabaka zinapangwa kwa mkono.

Kwanza tukijue tunachokiiga. Picha za Star Wars zilianza kupigwa Tunisia mwaka 1976, na sinema ikatoka mwaka 1977. Katika baadhi ya matukio, ndani ya roboti alikuwamo mtu, Kenny Baker, mwigizaji wa Uingereza mwenye kimo cha sentimita 112. Katika mengine iliendeshwa kwa rimoti, ikiwa na miguu mitatu, na mitambo hiyo ya rimoti iliwahangaisha sana kule jangwani. Zilizobaki leo ni chache mno. Mwaka 2017 roboti moja iliyounganishwa kutokana na sehemu zilizotumika kwenye sinema iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 2.76. Kwa hiyo anayetaka kusimama na R2-D2 sebuleni kwake, njia ni kuijenga.

Wajenzi wa nyumbani walilielewa hilo mapema. Mwaka 1999 Dave Everett wa Australia alianzisha R2 Builders Club, chama cha wapenzi wa roboti hii, na tangu hapo wamekuwa wakikusanya vipimo, kuchora ramani na kusahihishana, hata tofauti ya milimita moja ikawa hoja ya kujadiliwa. Wanachama wawili, Lee Towersey na Oliver Steeples, wakaajiriwa kujenga R2-D2 wa The Force Awakens, sinema iliyotoka mwaka 2015. Nawataja kwa heshima kubwa. Studio ilipohitaji watu wanaoijua roboti yake, iliwafuata waliokuwa wakiijenga majumbani kwao kwa mapenzi tu.

Sasa plastiki yenyewe. Ninayoizungumzia ni polistirini iliyochanganywa na mpira kidogo ili isivunjike ovyo. Huuzwa kwa mabamba bapa, meupe mara nyingi, ya unene wa milimita 1, 2, 3 na kuendelea. Mita moja ya mraba ya bamba la milimita 2 ina uzito wa kilo 2 na kidogo. Alumini ya unene huo huo inavuka kilo 5. Tofauti hiyo utaiona siku ya kuipandisha roboti ngazini.

Kuikata hakuhitaji msumeno. Unaweka rula, unachanja mstari kwa kisu mara mbili au tatu bila kukandamiza sana, kisha unakunja, na bamba linavunjika palepale ulipochanja. Lakini angalia ukingo wake kwa karibu. Kisu kikipita husukuma plastiki pembeni, na kandokando ya mstari huinuka tuta jembamba ambalo jicho halilioni. Pitisha kidole, utalisikia. Usipolikwangua kwa mgongo wa kisu, kipande hakitalala sawasawa juu ya kingine. Ukirundika tabaka tano zenye matuta, umepoteza milimita nzima na hujui ilikoenda.

Gundi yake hufanya kazi kwa kuyeyusha. Unashikisha vipande viwili vikiwa vikavu, unagusa ukingo wa maungio kwa brashi nyembamba iliyochovywa kwenye kiyeyusho, na kimiminika hujivuta chenyewe hadi ndani ya mwanya. Nyuso mbili zinalainika, zinaingiliana, kiyeyusho kinapaa, na kinachobaki ni plastiki moja. Ungio likishakauka kabisa, si ajabu plastiki ya pembeni ikavunjika kabla yake. Ndiyo maana naitetea malighafi hii mbele ya mbao na hata mbele ya chuma: vipande hamsini vilivyokatwa kwa kisu vinageuka kitu kimoja kisicho na msumari wala skrubu, na palipokatwa vibaya unabandika kipande kipya, unapiga msasa, unaendelea.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa ajili ya afya zenu. Viyeyusho hivi si vitu vya kuchezea. Diklorometeni, ambayo imo katika baadhi ya gundi hizi, ikivutwa puani hubadilishwa na mwili kuwa kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua watu waliofungiwa na moshi wa jiko la mkaa. Isitoshe, hupenya glavu nyembamba za mpira kwa muda mfupi sana. Viyeyusho vingine vinawaka moto kwa wepesi wa kutisha. Fanya kazi mahali penye hewa inayopita, vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, maana kitambaa cha kuzuia vumbi hakizuii mvuke, lakini gundi yenye diklorometeni iepuke, kwa sababu vichujio hivyo haviizuii ipasavyo, na weka watoto mbali. Kama huna mahali pa namna hiyo, subiri mpaka upate. Roboti haina haraka.

Twende kwenye mwili. Ni mcheduara wenye kipenyo cha takriban sentimita 46. Ndani unaweka fremu: pete za plaiwudi juu, chini na katikati, zikiunganishwa na nguzo. Fremu ndiyo inayobeba mzigo. Plastiki ni ngozi. Na ngozi hiyo inatakiwa iwe ya tabaka mbili.

Tabaka ya ndani inazungushwa kwenye fremu na kugandishwa. Tabaka ya nje inakatwa matundu ya milango yote, halafu inazungushwa juu yake. Vile vipande vilivyotoka kwenye matundu usivitupe. Unavipunguza ukingo kidogo, unavirudisha mahali pake juu ya tabaka ya ndani, na mwanya wa milimita moja unaobaki kuzunguka kila kimoja ndio unaolifanya jicho liamini kwamba ule ni mlango. Hakuna mstari uliochorwa unaoweza kutoa kivuli kama kile. Ukitaka mlango ufunguke kweli, unatoboa na tabaka ya ndani pia, ila kwa tundu dogo zaidi, ili ubaki mdomo wa kuuzuia mlango usiingie ndani.

Kuna hesabu moja hapa ambayo naomba kila mmoja aondoke nayo. Kipenyo cha sentimita 46 kinatoa mzingo wa karibu milimita 1,445. Ukikata tabaka zote mbili kwa urefu huo huo, ya nje haitafika. Itaacha pengo mgongoni. Kama bamba ni la milimita 1, tabaka ya nje lazima iwe ndefu kuliko ya ndani kwa milimita 6 na robo hivi, kwa sababu kipenyo kimeongezeka kwa milimita 2, na 2 mara pai ni 6.28. Wala haijalishi mwili ni mnene au mwembamba. Nyongeza ni ile ile. Halafu matundu ya milango nayo yanahama kwa uwiano huo, kwa hiyo ramani ya tabaka ya nje ichorwe peke yake. Kunakili ya ndani ndiko kunakozaa milango iliyokaa upande.

Kuba ndiyo sehemu inayowakatisha watu tamaa, na sababu yake ina umri wa karibu miaka 200. Mwaka 1827 mwanahisabati Carl Friedrich Gauss alithibitisha jambo ambalo kila fundi hukutana nalo: uso bapa hauwezi kugeuzwa kuwa sehemu ya tufe bila kunyooshwa, kukunjamana au kuchanwa. Bamba linakubali kupinda upande mmoja. Pande mbili kwa pamoja, linagoma. Wanaoweza huagiza kuba ya alumini, kama zilivyokuwa za sinemani, na wengine hulainisha plastiki kwa joto na kuivuta juu ya kalibu. Mimi napenda njia ya kisu: unakata vipande vyembamba vinavyopungua kuelekea juu, mithili ya maganda ya chungwa, na kuvisimamisha juu ya mbavu.

Vipande vingapi? Kila kimoja kimepinda kwa urefu lakini ni bapa kwa upana, kwa hiyo katikati yake panabonyea kuliko panavyotakiwa. Kwa kuba ya kipenyo hiki, ukitumia vipande 12, chini kabisa ya kuba mbonyeo unafikia karibu milimita 8. Ukitumia 24, unashuka hadi milimita 2. Milimita 8 za fila, yaani ule uji mzito wa kujazia mabonde, ni mzigo na ni nyufa za kesho. Milimita 2 ni kazi ya kawaida ya fundi wa bodi za magari. Kwa hiyo 24. Kisha unakata kipande cha plastiki chenye upinde wa kuba, unakipitisha juu yake kila unapopiga msasa, na panapopenya mwanga ndipo pa kuongeza fila.

Miguu ni masanduku yenye mbavu ndani. Plastiki hapa isiachiwe mzigo peke yake: pitisha kiini cha mbao, na begani bomba la chuma. R2-D2 akisimama kwa miguu mitatu, mwili wake huegemea nyuma kwa nyuzi 18, na uzito wote unageuka nguvu ya kupinda penye bega. Betri na mota vikae chini kabisa, kwenye nyayo, la sivyo roboti itaanguka ikikata kona.

Rangi ipulizwe kwa ukungu mwepesi, tabaka kwa tabaka, kwa sababu rangi nyingi za kopo zina viyeyusho na ukilowesha plastiki itakunjamana. Na kuhusu buluu ya milango yake, msibishane sana na matukio ya anga za juu ya sinema ya mwaka 1977. Matukio yale yalipigwa mbele ya pazia la buluu, na mbinu ya kuliondoa pazia iliondoa na buluu ya roboti, ndiyo maana kwenye picha hizo milango yake ilionekana myeusi. Tafuteni rangi kwenye matukio ya ardhini.

Jambo moja la mwisho ni joto. Polistirini huanza kulegea ikikaribia nyuzi 90 za selsiasi, na plastiki iliyopindwa kwa nguvu hujikunja mapema kuliko hapo. Msiiache ndani ya gari lililofungwa juani.

Mezani hapa kuna mabamba ya milimita 1 na 2, visu na rula. Kiyeyusho sikukileta ukumbini, kwa sababu mlizokwisha kuzisikia, hivyo leo tutachanja, kuvunja na kukwangua tu. Safu ya mbele waanze. Maswali tutayajibu huku mikono ikiwa kazini.