Kidonge na Hamu ya Kamari

Mabibi na mabwana, wazazi wenzangu, nanyi vijana mliokaa nyuma,

Swali ninaloulizwa zaidi na wake na mama za watu wanaocheza kamari ni hili: "Daktari, hivi hakuna dawa?" Huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaona haya kuomba dawa ya jambo ambalo mtaa mzima umekwisha kuliita tamaa. Jibu la mkato litawapotosha, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Nianze mbali kidogo, kwenye ugonjwa wa Parkinson, ule unaowafanya wazee watetemeke mikono. Ugonjwa huo unatokana na upungufu wa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na mwendo wa mwili na pia na hamu ya raha, na baadhi ya dawa zake, pramipeksoli ikiwa mojawapo, hufanya kazi kwa kuiga dopamini hiyo. Mwaka 2005 madaktari wa Mayo Clinic nchini Marekani walieleza habari za wagonjwa 11 wa Parkinson waliojikuta wakicheza kamari pasipo kujizuia, wote wakiwa wanatumia dawa za kundi hilo. Kwa wale walioendelea kufuatiliwa, dawa ilipopunguzwa au kuachwa, kamari nayo ilikoma. Ikiwa kidonge kinaweza kumwasha mtu hamu hii na kuondolewa kwake kukaizima, basi sioni tunavyoweza kuendelea kusema kwamba mraibu amekosa adabu tu. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mgonjwa mpya ni kuhusu dawa anazotumia tayari.

Dawa iliyochunguzwa sana kwa ajili ya kamari inaitwa naltreksoni. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Marekani iliiidhinisha mwaka 1984 kwa uraibu wa heroini na jamii yake, na mwaka 1994 kwa uraibu wa pombe. Ubongo wetu hutengeneza kemikali zake wenyewe zinazofanana na afyuni, utomvu unaotengenezewa heroini, na hizo huchochea dopamini pale mtu anapopata raha au anapoitarajia. Naltreksoni huwahi kuvikalia vipokezi vya kemikali hizo, yaani mahali zinapojishikiza ili zifanye kazi, hivyo ule msisimko wa kuweka mkeka hupungua nguvu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, watu 77 walifuatiliwa kwa wiki 18. Takriban asilimia 40 ya waliomeza naltreksoni waliweza kukaa angalau mwezi mzima bila kamari yoyote, ilhali kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani walikuwa kama asilimia 10.

Hata hivyo, tafiti zenyewe ni chache na nyingi ni ndogo, na katika baadhi yake hata waliomeza vidonge vitupu walipata nafuu kubwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha dawa yoyote mahususi kwa kamari. Mwongozo uliotolewa Uingereza Januari 2025 unatanguliza tiba ya mazungumzo, na unaruhusu naltreksoni, chini ya uangalizi wa wataalamu, kwa wale ambao mazungumzo hayakuwatosha. Naona mpangilio huo ni wa haki.

Mgonjwa mmoja, fundi wa magari, aliiweka simu yake kifudifudi juu ya meza yangu. Ikatetemeka; ulikuwa ujumbe wa mechi za jioni. Nikaona kidole gumba chake kikisogea kabla hata macho hayajageuka, kisha akaniambia taratibu, "Mimi sitaki, ila mkono unataka." Dawa inaweza kuulegeza mkono huo. Haiwezi kulipa deni la duka la vipuri, wala kumwondolea imani kwamba kwa kuwa mkeka wa jana umechanika kwa timu moja, wa leo lazima utiki. Hiyo ni kazi ya mazungumzo, wiki baada ya wiki, na ya mke aliyekubali kuishika laini yenye pesa.

Sasa nawasihi jambo moja ninyi mliokuja kwa ajili ya mume au mtoto. Nimesikia mama akiuliza kama anaweza kukisaga kidonge na kumtilia kijana kwenye chai. Tafadhali, msifanye hivyo. Naltreksoni humpokonya mwili kila dawa ya jamii ya afyuni iliyomo. Kijana anayetumia kwa siri tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii hiyo, au anayekunywa methadoni kliniki, tiba ya uraibu wa heroini ambayo Muhimbili imekuwa ikiitoa tangu mwaka 2011, ataangukia kwenye arosto kali ghafla, atapike na kuharisha, na hamtajua kimempata nini. Ini nalo hupimwa kabla ya kuanza. Mleteni mwenyewe, akiwa anajua anakuja kwa nini, na akija na dawa zake zote mfukoni, hata zile ambazo ninyi hamzijui, nitamwomba azitoe tukiwa wawili tu.